Hati ya bima ya mtoto ya 1941: babu aliiwekea bima roho ya mwanawe?

#1 Mkunazini78
Asalaam aleykum wanabarza.

Tunakarabati nyumba ya marehemu babu hapa Mkunazini. Juzi fundi kavunja rafu ya zamani, nyuma yake pametoka kasha dogo la bati. Ndani mna hati ya bima ya maisha ya kampuni moja ya Bombay, imeandikwa Aprili 1941. Mlipaji ni babu, wakati huo karani wa forodha. Anayewekewa bima ni mwanawe wa kiume, umri miaka 3. Kiasi ni paundi 200, zitolewe mtoto akitimiza miaka 21. Ada shilingi 50 kila miezi mitatu. Risiti zimefungwa kwa uzi wa kushonea, zipo 11, ya mwisho Oktoba 1943.

Huyo mtoto ni ami yangu. Alikufa mdogo na kwetu hatajwi. Baba yangu, aliyezaliwa 1946, alinambia maneno matatu tu: "Nilikuwa na kaka." Basi.

Nimezishika karatasi hizi mikono ikaniganda. Dunia imo vitani, mchele wenyewe wa kutafuta, na mtu anatoa shilingi 50 kuiwekea bima roho ya mtoto wa miaka mitatu. Alikuwa anangoja nini? Anayejua mambo haya anisaidie, siku mbili sijalala vizuri.

#2 Kijana_Bububu
Pole kaka. Una hakika ni shilingi? Wakati wa Sultani Unguja si tulitumia rupia?

#3 Mwalimu_Kusini
Rupia ya Zanzibar iliondolewa 1936, ikabadilishwa kwa shilingi ya Afrika Mashariki, rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Sultani alibaki, Seyyid Khalifa bin Haroub, hadi 1960. Pesa ndiyo iliyobadilika. Shilingi 20 zilikuwa paundi moja, kwa hiyo paundi 200 za kwenye hati ni shilingi 4,000.

Na wewe Mkunazini78 nikurekebishe, usikasirike. Aprili 1941 mchele ulikuwa bado unakuja. Mwingi wake ulitoka Burma, na Rangoon iliangukia mikononi mwa Wajapani Machi 1942. Hapo ndipo tulipobanwa: kadi za mgao, unga wa mahindi, muhogo, na mgao wenyewe ukaangalia kabila la mtu. Babu yako alipotia saini hayo hakuyajua. Ukimhukumu, mhukumu kwa aliyoyajua siku ile.

#4 Karani_Mstaafu
Nimefanya kazi ya bima miaka 31, mingi yake upande wa madai ya maisha. Kaka, tulia kwanza.

Bima ya mtoto ya zama zile haikuwa ya kungojea mtoto afe. Baba analipa, mtoto anakua, akifika 21 fedha ni zake, au anaendelea na bima kwa jina lake mwenyewe bila kupimwa afya. Mtoto akifa kabla, kampuni haitoi zile paundi 200. Inarudisha ada zilizolipwa, nyengine bila faida yoyote, nyengine kwa faida ndogo. Baba akifa kabla, inategemea alinunua sharti gani. Kwa sharti zuri, ada zinasimama siku hiyo na mtoto bado atapata zake akifika 21. Kwa hiyo roho iliyokuwa ikiogopewa pale ni ya babu yako, siyo ya ami yako.

Na khofu yako si ngeni. Uingereza, ambako kanuni nyingi za bima za India zilitoka, tangu 1774 ina sheria kwamba huwezi kuwekea bima maisha ya mtu ambaye kifo chake hakikutii hasara ya mali. Mwaka 1875 wakaweka mpaka kwa vyama vya kusaidiana: mtoto wa chini ya miaka 5 asilipiwe zaidi ya paundi 6, wa chini ya miaka 10 zisizidi paundi 10. Waliogopa hilo hilo unaloliogopa wewe. Ndiyo kampuni zikaona njia iliyo salama ni kurudisha ada tu.

Fungua hati, tafuta kipengele cha kifo kabla ya miaka 21, utuandikie kinasemaje.

#5 Mkunazini78
Nimekipata, ukurasa wa pili. Mtoto akifariki kabla ya kutimiza 21, ada zote zinarudi kwa mlipaji bila riba. Baba akifariki, ada zinakoma na bima inabaki hai. Karani, Mungu akulipe. Nilimdhania babu vibaya, na naomba radhi kwake huko aliko.

Lakini sasa nimebaki na maswali mengine mawili. Kwa nini bima na siyo akiba ya posta? Na kwa nini risiti zikomee 11? Babu aliishi hadi 1971 na kazi hakuachishwa.

#6 BintiWete
Mzee wangu wa Wete, akizaliwa mtoto anampandia mikarafuu. Miche kumi na miwili, na kila mti unajulikana wa nani. Mkarafuu unataka miaka saba, minane hivi ndipo uanze kuzaa, kwa hiyo mtoto anapoanza kupata akili na miti yake inaanza kumlipia skuli. Hiyo ndiyo bima ya mtoto niliyolelewa nayo. Haina wakala wala risiti.

Ila sitawaficha. Mikarafuu ya mama yangu haikumfikia mama. Babu aliitoa kwa bei ya khiyari: unapokea fedha, shamba linaandikwa la mwenye fedha, na unapewa muda ulikomboe. Muda ukafika hana kitu. Mali ya mtoto ikaenda kwenye deni la baba, na mama alikuwa akipita njia ile mpaka uzeeni akiitazama miti yake inachumwa na watu wengine. Alikuwa anaijua mmoja mmoja.

Kwa hiyo mimi namuelewa karani wa forodha. Alitafuta pahala pa kuweka fedha za mwanawe ambapo mdai hafiki, na yeye mwenyewe akibanwa hafiki. Akiba ya posta ingekuwa ya jina lake, kesho asubuhi anakwenda kuitoa.

#7 Nahodha_Mkoani
Na hata isingetolewa khiyari, baada ya Mapinduzi mashamba yaligawiwa eka tatu tatu. Kila mali na adui yake, dada.

Mimi naona ni khofu ya bahari. Karani wa forodha anashinda bandarini, kila khabari ya meli inamfikia yeye kwanza. Na watu wa mjini waliiona manowari Pegasus inazama mbele ya macho yao, vita vya Hitler.

#8 Mwalimu_Kusini
Nahodha, Pegasus ni vita vya kwanza. Ilipigwa na Königsberg ya Wajerumani hapa bandarini tarehe 20 Septemba 1914, na makaburi ya mabaharia wake yako Chapwani hadi leo. Huenda babu wa Mkunazini78 aliisikia mizinga ile akiwa mtoto.

Hoja ya bahari yenyewe ina nguvu. Katikati ya 1942 nyambizi za Kijapani zilizamisha meli zaidi ya 20 katika Mlango wa Msumbiji. Na tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo na wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki, ilipigwa karibu na Maldives. Walikufa karibu watu 1,300. Jina hilo wazee wa pwani wakilisikia hunyamaza.

#9 Nahodha_Mkoani
Ahsante Mwalimu, nilichanganya vita.

#10 Mtoto_wa_Malindi
Nyote mnamsahau wakala. Wakala wa bima alikuwa jirani. Anakaa barza moja na wewe baada ya laasiri, anajua nani kapata mtoto, nani kapandishwa mshahara, nani ana mke mwenye khofu. Na kamisheni yake kubwa iko kwenye mwaka wa kwanza. Unamkatalia vipi mtu aliyekuja kukuzikia mama yako?

Kwa nini Bombay? Kampuni ya hapa hapa Afrika Mashariki ilikuwapo, Jubilee iliundwa Mombasa 1937, kwa kumbukumbu ya yubilei ya dhahabu ya Aga Khan. Mtu akipewa hati ya Bombay maana yake jirani yake alikuwa wakala wa Bombay. Msitafute falsafa pahala ambapo pana ujirani.

#11 BintiWete
Malindi, ujirani unakufanya utie saini. Haukufanyi ulipe mara kumi na moja.

#12 Mtoto_wa_Malindi
Hapo umenikamata dada.

#13 Shekhe_Barza
Nitie neno kwa upande wa dini. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, kikao cha Jeddah, Disemba 1985, azimio namba 9, walisema bima ya kibiashara yenye ada maalumu ina gharari kubwa, yaani utata na kubahatisha, na haifai, na mbadala wake ni bima ya kusaidiana, ambayo leo tunaiita takaful. Lakini mwaka 1941 azimio hilo halikuwapo, na mimi siwezi kumtia mtu makosani kwa maneno yaliyosemwa miaka 44 baadaye.

Kilichonigusa ni kile kipengele cha "bila riba". Huenda kampuni iliandika hivyo kwa faida yake, lakini Muislamu wa mjini akikisoma moyo wake unatua.

Tena kuna suala la mirathi ambalo hamkuligusa. Ikiwa baba alishampa mtoto zile fedha kuwa hiba, basi zikirudi si za baba peke yake, zinarithiwa. Mtoto akifa na wazazi wote wawili, na hakuacha ndugu zaidi ya mmoja, mama yake ana theluthi na zinazobaki ni za baba. Akiacha ndugu wawili au zaidi, mama ana sudusi, yaani moja ya sita. Kampuni itamlipa mlipaji kwa mujibu wa hati. Mlipaji atakavyozigawa nyumbani ni baina yake na Mola wake.

#14 Mama_wa_Watatu
Mnazungumza ya 1941, mimi nizungumze yangu.

Mwanangu wa kwanza nilimchukulia bima ya elimu 2016, kampuni siitaji. Mimi na mume wangu tulikuwa hotelini, yeye jikoni, mimi mapokezi. Elfu hamsini kila mwezi. Tulilipa vizuri, mtoto ana hati yake tumeilaminisha. Mwaka 2020 ndege zikasimama, hoteli ikafunga, tukarudi nyumbani sote wiki moja. Mwezi wa kwanza tukalipa kwa akiba. Wa pili tukalipa kwa kuuza friza. Wa tatu tukasema tutalipa ukifika msimu. Msimu haukuja. Nilipokwenda kuuliza nikapewa karatasi ya hesabu, na nilichorudishiwa hakikufika nusu ya nilichotoa.

Sikuibiwa, nataka ieleweke. Yote yalikuwa yameandikwa, kwa herufi ndogo. Lakini kile kitu nilikichukua kwa ajili ya siku mbaya, na siku mbaya ndiyo iliyokivunja. Babu wa Mkunazini78 kalipa 1942, mchele hakuna. Kalipa 1943. Mimi nilishindwa mwezi wa tatu. Namuheshimu mtu yule.

#15 Kijana_Bububu
Dada, friza? Nyumba ya mpishi bila friza! Pole sana kwa kweli. Na ile 4,000 ingeiva 1959 ingekuwa na thamani gani?

#16 Mwalimu_Kusini
Mwaka 1959 ni fedha ya maana, bado paundi 200. Lakini ukiiweka bila kuigusa, 1966 shilingi ya Afrika Mashariki ilibadilishwa kwa ya Tanzania moja kwa moja. Wakati ule shilingi saba na senti kidogo zilipata dola moja. Shilingi hizo hizo 4,000 leo unapata kilo ya mchele mzuri. Fedha ya mtoto ina adui mwengine kuliko kifo, na huyo hakuandikwa kwenye kipengele chochote.

#17 Karani_Mstaafu
Jana usiku nilirudi kuzihesabu zile risiti na nikaamka kitandani.

Risiti 11, kila moja miezi mitatu. Tangu Aprili 1941 hadi ile ya Oktoba 1943. Fedha zote ni shilingi 550, yaani paundi 27 na nusu. Sasa sikilizeni. Kwa kampuni nyingi za zama zile, bima ilikuwa haina thamani yoyote ya kuvunja mpaka ulipe miaka mitatu kamili. Kabla ya hapo ukiacha, siku 30 za msamaha zikipita imekufa na fedha zako zimekwenda nayo. Miaka mitatu ni risiti 12.

Babu yako aliachia kwenye ya 11. Ilibaki moja, ya Januari 1944. Na yule alikuwa karani, hesabu ndiyo kazi yake, hawezi kuwa hakujua. Katika kazi yangu nimeona watu wakikopa, wakiuza, wakigombana na wake zao ili wafikie ile ya 12. Sijaona mtu mwenye mshahara anayeachia hapo kwa hiyari. Kitu kilimzuia.

Mkunazini78, ami yako alikufa lini?

#18 Mkunazini78
Sijui tarehe. Aliyebaki wa kuuliza ni shangazi yangu mkubwa, yuko Chake Chake, ana miaka 89. Nimempigia. Amenyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Alikufa baada ya Mwaka Kogwa, tulikuwa tunakula muhogo tu." Bibi yetu mzaa baba alikuwa mtu wa Makunduchi, ndiyo wakihesabu kwa sherehe hiyo ya mwaka mpya wa jadi, inayokuja katikati ya mwaka. Mwaka gani hajui. Yeye alikuwa hajaanza skuli, au ameanza, hana uhakika.

Na nyengine. Nyuma ya hati kuna maandishi ya babu kwa herufi za Kiarabu, mstari mmoja. Mimi nasoma Qur'ani lakini Kiswahili cha herufi zile kinanishinda. Nimeweka picha hapo chini, mwenye macho anisomee.

#19 Shekhe_Barza
Mwandiko mzuri, wa mtu aliyesoma chuoni kweli. Neno la kwanza halina tatizo: "Fedha". La pili lina herufi nne, ze, mimu, re, dali. Hakutia irabu. Nalisoma "zimerudi". Fedha zimerudi.

#20 Mtoto_wa_Malindi
Basi imekwisha. Mtoto kafariki, ada zikarudishwa, risiti zikakoma. Karani kapata jibu lake.

#21 BintiWete
Subiri kwanza. Nimeikuza picha. Ile herufi ya tatu mimi naiona ina nukta juu. Ikiwa na nukta ni ze, siyo re, na neno linakuwa "zimezidi". Fedha zimezidi. Maana yake ada imemshinda. Kazi anayo, lakini mwaka 1943 mshahara ule ule unatakiwa ununue vitu ambavyo bei yake si ile ile, na nyumbani kuna midomo.

Babu yangu aliandikia daftari lake la karafuu kwa herufi hizi hizi. Nimelisoma tangu mdogo. Nukta moja inageuza deni kuwa malipo.

#22 Shekhe_Barza
Nimetazama tena. Kuna kitu pale, sikatai. Ila ni kidogo kuliko nukta ya ze ya mwanzo, na kimekaa pembeni. Mtu mwenye mkono ule hakosei nukta.

#23 Nahodha_Mkoani
Na "zimerudi" inaweza kuwa na maana nyengine. Alipeleka fedha Bombay, meli haikufika au posta haikupeleka, fedha zikamrudia mkononi. Siku 30 zikapita, bima ikafa. Mwalimu kasema mwenyewe bahari ilikuwaje miezi ile.

#24 Karani_Mstaafu
Nahodha, risiti zimepigwa muhuri wa wapi? Kama ni wa Zanzibar, basi alilipa kwa wakala hapa hapa na bahari haihusiki na malipo yake.

#25 Mkunazini78
Tisa zina muhuri wa Zanzibar. Mbili za mwisho, Julai na Oktoba 1943, zina muhuri wa Bombay.

#26 Nahodha_Mkoani
Haya.

#27 Karani_Mstaafu
Hilo sikulitarajia. Labda wakala alikufa au aliondoka, babu akawa anapeleka mwenyewe. Basi risiti ya Oktoba 1943 ilifika lini Unguja? Barua ya wakati ule ingeweza kuchukua miezi. Anaweza kuwa amelipa ya Januari pia na risiti yake isije kabisa.

#28 Mwalimu_Kusini
Tuzipange tarehe kabla hatujakwenda mbali. Shangazi anasema baada ya Mwaka Kogwa, muhogo mtupu. Mchele ulikatika Machi 1942, kwa hiyo Mwaka Kogwa wa kwanza baada ya hapo ni wa 1942, kisha 1943, kisha 1944. Zote tatu zinakubali muhogo.

Ikiwa ni 1942, alilipia bima ya mtoto aliyekwisha kufa kwa zaidi ya mwaka. Ikiwa ni 1943, bado alilipa ile ya Oktoba baada ya kuzika. Ikiwa ni 1944, risiti zilikoma mtoto yu hai, na kifo si sababu ya kukoma kwake. Hakuna mwaka hata mmoja unaokaa sawa na maelezo ya Malindi.

#29 Mtoto_wa_Malindi
Mwalimu, mtu anaweza kufiwa mwezi wa Agosti na ada ya Oktoba akawa ameshaipeleka mapema.

#30 Mwalimu_Kusini
Miezi miwili kabla? Kwa shilingi 50? Inawezekana kama alikuwa hapati meli ya uhakika. Naiweka.

#31 Mama_wa_Watatu
Naweza kusema jambo ambalo si la hesabu?

Mimi nilipofiwa na mwanangu wa pili niliendelea kumlipia ada ya chuo cha Qur'ani miezi miwili. Mwalimu alikuwa hajui. Nilikuwa nampa fedha mkononi, nageuka, naondoka. Kama ningesema, ingekuwa kweli. Huenda babu alipeleka ile ya Oktoba kwa sababu kutoipeleka ni kuandika barua kwamba mtoto hayupo, na hakuweza kuiandika bado.

#32 BintiWete
Dada yangu. Mungu akupe subira na amuweke pema.

#33 Karani_Mstaafu
Nimeshughulikia madai ya maisha miaka mingi na ulichosema nimekiona. Watu huchelewa kudai. Jalada linakaa mwaka, miwili, mtu hajaleta cheti cha kifo, na fedha ni zake. Tulikuwa tunadhani ni uzembe.

#34 Shekhe_Barza
Mkunazini78, muulize shangazi kama bibi alipata chochote baada ya msiba ule. Nina sababu ya kuuliza.

#35 Mkunazini78
Nimempigia tena leo baada ya magharibi. Safari hii alizungumza sana kuliko nilivyomzoea. Anasema bibi alikuwa na bangili mbili za dhahabu zikiitwa "za yule mtoto". Hakuzivaa hata siku moja, wala kwenye harusi ya baba. Zilikaa ndani ya kitambaa cheupe. Akiulizwa alikuwa anasema ni amana. Hajui zilinunuliwa na nani wala lini. Zilikwenda wapi hajui vile vile.

Nikamuuliza wakati kaka yake anakufa walikuwa watoto wangapi nyumbani. Akasema wawili tu, yeye na huyo kaka yake.

#36 Shekhe_Barza
Basi ndugu alikuwa mmoja, na mama yake ana theluthi. Theluthi ya 550 ni shilingi 183 na senti. Bangili mbili. Mimi nasema fedha zilirudi na babu yako alitoa haki ya mama mtu, akainunulia dhahabu ili isiliwe. Neno amana halisemwi ovyo na wazee wetu.

#37 BintiWete
Shekhe, nakuheshimu, lakini bangili za mtoto zinaweza kuwa zile mama alizowekewa siku ya arubaini ya kuzaliwa kwake. Au alizitoa ziuzwe ziifikie ile risiti ya 12, na babu akakataa kuzipokea, ndiyo zikaitwa amana. Fedha zimezidi, mke anatoa bangili, mume anasema hapana. Hilo nalo linakaa.

#38 Kijana_Bububu
Kampuni si iulizwe? Daftari lazima wanalo.

#39 Karani_Mstaafu
Kampuni za maisha za India zilitaifishwa 1956, zikaunganishwa kuwa LIC, shirika la serikali la bima ya maisha la India: kampuni 154 za Kihindi, 16 za nje na vyama 75 vya akiba. Kwetu NIC, Shirika la Bima la Taifa, ilikabidhiwa bima yote ya bara 1967, na Zanzibar ikaunda Shirika lake la Bima 1969. Karatasi ya 1943 imehama nyumba mara nyingi. Aandike barua LIC, atie namba ya hati na jina la kampuni ya zamani. Ila asikae kungoja.

#40 Mkunazini78
Nitaandika. Na Jumamosi nakwenda Chake kwa boti ya asubuhi nimuoneshe shangazi hati yenyewe, labda mkono wa baba yake utamkumbusha kitu.

BintiWete, Shekhe, kuhusu ile nukta. Jana usiku niliiweka hati mbele ya taa. Si wino. Ni tundu la mdudu, dogo kama ncha ya sindano, na limepita hadi upande wa pili. Karatasi nzima ina matundu sita ya aina hiyo na mengine yameangukia pahala patupu. Hili limeangukia juu ya ile herufi ya tatu, na pembezoni mwake karatasi ni nyeusi kidogo, labda kulikuwa na wino mdudu akaula, labda ni uchafu wa miaka. Nimewasha taa ya simu nyuma yake, mwanga umepita hapo tu.